Biosensa ya tishu ya ndizi: mwongozo wa kuitengeneza na kuitumia kupima katekoli na polifenoli

Wanafunzi wanaoanza kazi za biosensa, yaani vifaa vinavyopima kemikali kwa kuunganisha kimeng'enya au tishu hai na elektrodi, katika kemia ya uchanganuzi huuliza maswali yaleyale kila mwaka. Je, ni lazima kununua kimeng'enya kilichosafishwa? Ndizi gani inafaa? Kwa nini mkondo wa umeme hautulii? Na mtu atajuaje kwamba badiliko analoliona kwenye skrini limeletwa na kimeng'enya, wala si na kitu kingine kilichomo kwenye bika? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kutengeneza elektrodi ya kaboni iliyochanganywa na nyama ya ndizi, kisha kuitumia kupima katekoli na polifenoli za chai. Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo utaona tunatengeneza elektrodi tatu badala ya moja, nami nakuomba usiruke hatua hiyo hata kama muda wa maabara ni mfupi.

Ndizi si chaguo la kubahatisha. Mwaka 1985 Sidwell na Rechnitz waliweka kipande cha ndizi kwenye elektrodi ya oksijeni na kupima dopamini, na mwaka 1988 Wang na Lin wakachanganya tishu ya mmea moja kwa moja na rojo ya kaboni, njia ambayo ndiyo tunayoifuata hapa. Kimeng'enya kilichosafishwa cha aina iliyomo ndani ya ndizi huagizwa kutoka nje, husafirishwa kwa ubaridi, na huharibika upesi umeme wa friji ukikatika. Kikiwa ndani ya tishu yake, kimeng'enya hukaa katika mazingira yaliyokikuza na kwa kawaida hudumu vizuri zaidi. Gharama ya urahisi huo ni kwamba tishu ina vimeng'enya vingi kwa pamoja, hivyo uteuzi wake wa kemikali ni hafifu kuliko ule wa kimeng'enya kimoja kilichotengwa.

Nadharia inayotosha kuanza kazi

Ndizi iliyomenywa hubadilika rangi kuwa kahawia kwa sababu ya kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi. Kimeng'enya hiki hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini kugeuza katekoli, au kemikali nyingine yenye makundi mawili ya haidroksili yaliyo jirani, kuwa kwinoni. Tukiiwekea elektrodi volti −0.20 dhidi ya elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha (ile ambayo volti yake haibadiliki, tunayolinganishia), kwinoni hiyo hupokea elektroni na kurudi kuwa katekoli, na mkondo unaopita wakati huo ndio tunaoupima. Katekoli iliyorudi huweza kugeuzwa tena kuwa kwinoni, hivyo molekuli moja huhesabiwa zaidi ya mara moja na ishara hukuzwa. Katika volti hiyo katekoli yenyewe haitoi elektroni kwenye kaboni, na hilo ndilo linalotuwezesha kusema kwamba mkondo umepitia kwa kimeng'enya.

Mambo mawili ya vitendo yanatokana na maelezo hayo. Kwanza, usiondoe oksijeni kwenye myeyusho kwa kupitisha naitrojeni kama ulivyofundishwa katika kazi nyingine za elektrokemia, kwa kuwa hapa oksijeni ni malighafi. Pili, biosensa hii haipimi kila fenoli. Kimeng'enya cha ndizi hufanya kazi dhaifu sana kwa fenoli yenye kundi moja tu la haidroksili, kwa hiyo anayetaka kupima fenoli ya kawaida katika maji taka ya kiwanda atafute tishu nyingine.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kagua orodha hii yote kwanza, kwa sababu ndizi ikishakatwa huna muda wa kwenda kutafuta waya.

- Ndizi mbivu ya kula, ngumu kiasi, yenye ganda la manjano lisilo na michubuko. Kisukari au mtwike, yoyote inafaa, mradi utumie aina moja katika jaribio zima na uiandike kwenye daftari.
- Unga laini wa grafiti.
- Parafini ya maji inayouzwa duka la dawa, isiyo na rangi wala harufu.
- Mabomba matatu ya sindano ya mililita 1, waya wa shaba, msasa laini na karatasi nyeupe ya kawaida.
- Kinu kidogo cha kauri na mchi wake, pamoja na mizani inayosoma hadi gramu 0.001.
- Potenshiostati (kifaa kinachoweka volti kwenye elektrodi na kupima mkondo), elektrodi rejea ya fedha na kloridi ya fedha, na elektrodi saidizi ya waya wa platinamu au fimbo ya grafiti.
- Kikorogeo cha sumaku, bika ya mililita 50, na mikropipeti ya mikrolita 10 hadi 100.
- Katekoli, fosfeti mbili za potasiamu (K₂HPO₄ na KH₂PO₄), kloridi ya potasiamu, maji yaliyokenekwa, na mita ya pH.
- Glavu, miwani ya kinga, na chupa ya kukusanyia taka za kemikali.

Kuhusu parafini kuna kosa linalojirudia sana. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki mtu akisema parafini anaeleweka kuwa anataka mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayafai hata kidogo: ni mepesi, huvukia, na yataifanya rojo yako ipasuke. Mafuta ya watoto nayo yana manukato, kwa hiyo yaache. Omba parafini ya maji ya kunywa ile inayotolewa kama dawa ya kulainisha choo.

Kama chuo chako hakina potenshiostati ya kununua, ipo inayoitwa CheapStat, ambayo michoro yake ilitangazwa hadharani mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na ambayo vifaa vyake viligharimu chini ya dola 80 za Marekani wakati huo. Inatosha kwa kazi hii. Elektrodi rejea nayo waweza kuitengeneza: sugua waya wa fedha halisi kwa msasa, uuchovye kwenye jiki kwa takriban nusu saa hadi ugeuke rangi ya kijivu iliyoiva, kisha uusuuze vizuri kwa maji yaliyokenekwa. Waya wa namna hiyo hutegemea kiasi cha kloridi kilichomo kwenye bafa, na hiyo ndiyo sababu ya kutia kloridi ya potasiamu katika hatua ya kwanza.

Tahadhari ya usalama ni fupi lakini haina mjadala. Katekoli ni sumu, hupenya ngozini na huunguza macho. Vaa glavu, usivute pipeti kwa mdomo, usimwage mabaki kwenye sinki, na ndizi iliyoingia maabara isiliwe na mtu yeyote.

Hatua za kazi

1. Tengeneza bafa, yaani myeyusho unaozuia pH isibadilike ovyo. Yeyusha gramu 5.36 za K₂HPO₄, gramu 2.62 za KH₂PO₄ na gramu 7.46 za kloridi ya potasiamu katika maji yaliyokenekwa, ujaze hadi lita 1. Utapata bafa ya fosfeti ya mola 0.05 kwa lita, yenye kloridi ya mola 0.1 kwa lita, na pH iliyo karibu na 7.0. Ipime kwa mita, uirekebishe kwa asidi au alkali kidogo ikibidi, na usiamini hesabu ya karatasi peke yake. Vipimo hivi ni vya chumvi zisizo na maji ya fuwele. Soma lebo ya chupa yako kabla ya kupima.

2. Tengeneza myeyusho wa katekoli asubuhi ya siku ya kazi. Pima gramu 0.110, yeyusha katika maji yaliyokenekwa na ujaze hadi mililita 100, upate ukolezi wa mola 0.010 kwa lita. Funika chupa kwa karatasi ya alumini. Myeyusho mzuri hauna rangi. Ukianza kuwa wa manjano au kahawia, katekoli imeshaanza kugeuka kwinoni kwa hewa, na myeyusho huo utakudanganya kwa namna tutakayoiona mbele. Usiuhifadhi kwa ajili ya kesho.

3. Andaa mabomba matatu. Kata ncha ya kila bomba kwa wembe ili mdomo uwe wazi na bapa, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 4 hadi 5. Toboa mpira wa pistoni, upitishe waya wa shaba uliosuguliwa kwa msasa, na uache ncha yake itokeze milimita 2 au 3 tu upande wa ndani. Waya huo unatakiwa kugusa rojo na usiuguse myeyusho kamwe. Andika alama A, B na C kwenye mabomba: A itabeba rojo yenye ndizi isiyochemshwa, B yenye ndizi iliyochemshwa, na C rojo bila ndizi.

4. Tengeneza rojo ya msingi. Katika kinu changanya gramu 2.10 za grafiti na gramu 0.90 za parafini. Saga kwa dakika 15 bila kuchoka, ukikwangua kingo za kinu kila mara. Rojo iliyoiva ni nyeusi yenye mng'ao wa mbali, na ukiifinya kati ya vidole haimwagiki wala haipasuki, mithili ya kinyunga cha chapati. Wanaoanza wengi huacha kusaga mapema kwa kuwa mchanganyiko unaonekana tayari baada ya dakika tatu. Ndani yake bado kuna vinundu vikavu vya grafiti, na vinundu hivyo ndivyo vinavyoleta mkondo unaorukaruka.

5. Chemsha sehemu ya ndizi kwa ajili ya elektrodi ya ulinganisho. Weka takriban gramu 0.5 za nyama ya ndizi kwenye neli ya majaribio, ifunge, na uizamishe katika maji yanayochemka kwa dakika 15. Neli hufungwa ili maji ya tishu yasipotee, maana tunataka ndizi iliyochemshwa itofautiane na isiyochemshwa kwa jambo moja tu, yaani kufa kwa kimeng'enya. Iache ipoe kabisa.

6. Gawa rojo ya msingi katika mafungu matatu ya gramu 0.90 kila moja. Fungu C liache lilivyo. Katika fungu B ongeza gramu 0.10 za ndizi iliyochemshwa, kisha saga kwa dakika 10. Fungu A lifanye mwisho, kwa sababu ndilo linalodai haraka: kata ndizi ambayo haijachemshwa, chukua nyama ya katikati ya tunda isiyogusana na ganda, pima gramu 0.10 na uitie kinuni ndani ya dakika mbili au tatu. Ukahawia unaouona kwenye ndizi iliyokaa wazi ni kimeng'enya kikifanya kazi, na kimeng'enya hiki huharibiwa polepole na mazao ya kazi yake mwenyewe. Osha kinu na mchi kati ya fungu na fungu, la sivyo ulinganisho wote umepotea.

   Usishawishike kuongeza ndizi ukidhani ishara itakuwa kubwa zaidi. Tishu ina maji mengi, na ukizidisha kiasi, rojo hulegea, huanza kumeng'enyuka ndani ya bafa, na upinzani wa umeme hupanda. Sehemu moja kwa kumi kwa uzito ni mahali pazuri pa kuanzia. Baadaye, ukiwa na vipimo vinavyoaminika, jaribu sehemu tano kwa mia na kumi na tano kwa mia ulinganishe.

7. Jaza mabomba. Shindilia rojo kutoka mdomoni hadi ipate kina cha sentimita 1 hivi, ukikandamiza kwa kijiti bapa ili kusiwe na hewa ndani. Sukuma pistoni mpaka waya uzame ndani ya rojo. Kata ziada inayotokeza, kisha sugua mdomo kwenye karatasi nyeupe kwa mizunguko myepesi hadi uso uwe laini na uanze kung'aa. Tazama uso huo kwa lenzi: usione shimo, ufa, wala uzi wa ndizi uliotokeza.

8. Pima uunganisho. Kwa multimita, gusa waya kwa mkono mmoja wa kifaa na uso wa rojo kwa mkono wa pili kwa wepesi. Upinzani uwe mdogo na usomeke bila kurukaruka. Usipotulia, rudi hatua ya saba. Baada ya kipimo hiki sugua uso upya.

9. Tuliza mkondo wa msingi. Mimina mililita 20 za bafa kwenye bika, weka elektrodi A pamoja na rejea na saidizi, washa kikorogeo kwa kasi ya wastani isiyoleta kimbunga cha hewa, na uweke volti −0.20. Mkondo utaanza ukiwa mkubwa na kushuka. Subiri, na uwe na subira ya kweli, kwa sababu katika elektrodi A kuna jambo la ziada: ndizi yenyewe ina dopamini ya asili, ambayo kimeng'enya huigeuza na elektrodi huisoma. Lazima mabaki hayo yaoshwe kwanza. Mkondo ukishapungua, badilisha bafa na usubiri tena. Unapoona mstari umelala kwa dakika tano mfululizo, hapo ndipo unaweza kuanza. Asilimia kubwa ya grafu mbovu ninazoletewa nizikague zilianzishwa kabla ya mstari huo kulala.

10. Ongeza katekoli kwa vipimo sawa. Tia mikrolita 20 za myeyusho wa hatua ya pili. Katika mililita 20 za bafa, kila nyongeza hupandisha ukolezi kwa mikromola 10 kwa lita. Mkondo utapanda kama ngazi na kutulia juu kabla ya dakika moja kwisha. Andika thamani iliyotulia, kisha ongeza tena, hadi ngazi nane au kumi. Nyongeza kumi huongeza ujazo kwa asilimia 1 tu, kwa hiyo huhitaji kusahihisha. Baadhi ya vifaa huuonyesha mkondo huu kwa alama ya kutoa na vingine kwa alama ya kujumlisha. Fuata ukubwa wake, na uandike daftarini kifaa chako kinatumia utaratibu gani.

11. Chora grafu ya viwango, ukolezi ukiwa kwenye mhimili wa mlalo na ongezeko la mkondo kwenye mhimili wa wima. Tumia sehemu iliyonyooka pekee. Ukolezi ukizidi, mstari hujikunja kwa sababu kimeng'enya kimeshika kazi yote kiliyoweza, na pengine kwa sababu oksijeni karibu na uso wa elektrodi imepungua.

12. Rudia hatua ya 9 hadi ya 11 kwa elektrodi B na C. Hapa ndipo kazi yako inapopata uzito. Elektrodi A ikipanda kwa ngazi zilizo wazi, nazo B na C zikibaki karibu palepale, unayo haki ya kuandika kwamba ishara inatokana na kimeng'enya cha ndizi. Ukiwa na elektrodi A peke yake huna haki hiyo, hata grafu iwe imenyooka namna gani.

Kupima sampuli halisi: mfano wa chai

Chukua gramu 1 ya majani makavu ya chai, mimina mililita 100 za maji yanayochemka, subiri dakika 5, chuja na uache ipoe. Mkondo ukionekana kwenda nje ya sehemu iliyonyooka ya grafu, punguza ukolezi wa chai mara kumi. Chai ya kijani kwa kawaida itatoa ishara kubwa kuliko nyeusi, kwa kuwa katika kuandaa chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini, yaani polifenoli kuu za jani la chai, hugeuzwa na kimeng'enya cha jani lenyewe, ambacho ni cha ukoo uleule na kile cha ndizi. Chai ya maziwa haifai: protini za maziwa hushikamana na polifenoli.

Usichukue mkondo wa sampuli ukausoma moja kwa moja kwenye grafu iliyochorwa kwa bafa tupu. Chai ina vitu vinavyoupunguza au kuukuza mwitikio wa elektrodi, na njia ya haki ni kuongeza kiwango sanifu ndani ya sampuli yenyewe. Weka mililita 19 za bafa, tuliza mkondo, tia mililita 1 ya chai, andika ongezeko, halafu ongeza katekoli mara tatu, mikrolita 20 kila mara. Tuseme chai imepandisha mkondo kwa mikroampea 0.30, na kila nyongeza ya katekoli ikaupandisha kwa mikroampea 0.20. Kwa kuwa nyongeza moja ni mikromola 10 kwa lita, chai imechangia sawa na mikromola 15 kwa lita ndani ya bika. Mililita 1 ilipunguzwa mara 20, kwa hiyo kinywaji chenyewe kina sawa na mikromola 300 kwa lita. Pima sampuli ileile kwa elektrodi B pia, na kama inatoa mkondo wowote, toa kiasi hicho.

Andika matokeo kama "polifenoli kwa kulinganishwa na katekoli". Ndani ya chai mna katekini za aina nyingi, kila moja ikipokewa na kimeng'enya kwa kasi yake, na kudai kwamba umepima kemikali moja kwa jina lake itakuwa ni kupotosha wasomaji wa ripoti yako.

Kuhusu kikomo cha chini cha kupima: rekodi mkondo wa msingi mara kumi, tafuta mchepuko sanifu wake, uzidishe kwa 3 na ugawe kwa mwinamo wa grafu. Usinakili kikomo kutoka kwenye makala ya mtu mwingine, hata kama elektrodi zenu zinafanana.

Elektrodi isiyotumika ihifadhiwe kwenye friji kwa nyuzi 4 za selisiasi, mdomo wake ukiwa umefunikwa kwa karatasi iliyoloweshwa bafa. Isigandishwe. Kila asubuhi ya kazi sukuma pistoni kidogo, kata rojo iliyotokeza, sugua uso mpya na upime ngazi mbili za katekoli. Mwinamo ukishuka chini ya nusu ya ule wa siku ya kwanza, tupa rojo hiyo na utengeneze nyingine. Ndizi hazina uhaba.

Tishu nyingine kwa kemikali nyingine

Ukishaimudu ndizi, utaratibu huuhuu utakufikisha mbali. Mzizi wa mronge-farasi wa Ulaya, ambao wanasayansi huuita Armoracia rusticana, una peroksidesi nyingi na hutumika kupima haidrojeni peroksidi. Tango lina askobeti oksidesi, linafaa kwa vitamini C kwa kufuatilia oksijeni inayotumika. Unga wa mbegu za Canavalia ensiformis, mmea wa jamii ya maharage, una urease, kimeng'enya ambacho James Sumner alikipata katika umbo la fuwele mwaka 1926 na ambacho kilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1946. Unga huo ukiwekwa mbele ya elektrodi ya amonia hupima urea. Boga la manjano lilitumiwa na Kuriyama na Rechnitz mwaka 1981 kupima glutameti kupitia kabonidioksidi inayotolewa. Katika kila moja, uliza maswali matatu kabla ya kukata tishu: kimeng'enya kinatumia nini, kinatoa nini, na elektrodi gani inaweza kukiona kimojawapo.

Shule isiyo na potenshiostati lakini yenye mita ya oksijeni iliyoyeyuka inaweza kurudia jaribio la 1985. Kata kipande chembamba cha ndizi, kibane kwenye utando wa mita kwa kitambaa cha nailoni na mpira, na uangalie usomaji wa oksijeni ukishuka unapoongeza katekoli. Ni polepole zaidi, lakini kanuni inaonekana waziwazi.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Elektrodi A haipandi kabisa.* Anza na mambo mepesi: volti iko upande wa kutoa, na nyaya za rejea na saidizi hazijabadilishana nafasi. Kama hayo ni sawa, huenda ndizi ilikaa wazi muda mrefu, au kinu kilikuwa bado cha moto baada ya kuoshwa. Pima pia pH. Chini ya 5 kimeng'enya hulegea sana.

*Elektrodi B na C nazo zinapanda.* Tazama chupa ya katekoli dhidi ya karatasi nyeupe. Ikiwa na rangi, kwinoni tayari imo ndani yake, na elektrodi yoyote ya kaboni itaisoma bila kuhitaji kimeng'enya. Tengeneza myeyusho mpya. Kama hauna rangi na bado zinapanda, chunguza usafi wa kinu, halafu waya wa shaba, kwa sababu myeyusho ukivuja hadi kwenye shaba, mkondo wa kigeni huingia.

*Mkondo unashuka bila kukoma.* Katika elektrodi mpya ni dopamini ya ndizi inayooshwa, badilisha bafa. Katika elektrodi ya siku kadhaa, angalia kama rojo imelegea au imeanza kunuka. Tishu ni chakula cha bakteria kama chakula kingine.

*Ngazi hazitulii, zinatetemeka.* Punguza kasi ya kikorogeo, ondoa kiputo cha hewa mdomoni mwa elektrodi kwa kuigonga taratibu, sogeza chaja za simu na feni mbali, na ukiweza ifunike bika kwa boksi la chuma lililounganishwa na ardhi.

*Sampuli ya juisi inatoa ishara ndogo kuliko ilivyotarajiwa, au inachelewa.* Mtuhumiwa wa kwanza ni vitamini C. Hiyo huirudisha kwinoni kuwa katekoli ndani ya myeyusho kabla haijafika kwenye elektrodi, na mkondo haupatikani hadi vitamini hiyo iishe. Mtuhumiwa wa pili ni salfaiti inayotiwa vinywaji ili visiharibike, ambayo hushikana na kwinoni na pia hukizuia kimeng'enya. Nyongeza ya kiwango sanifu ndani ya sampuli itakufichulia tatizo hili: ngazi za katekoli zikiwa fupi kuliko katika bafa tupu, kuna kizuizi, na unapaswa kupunguza ukolezi wa sampuli zaidi.

*Matokeo ya leo hayalingani na ya maabara nyingine.* Joto na mwinuko wa mahali vina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Maji yaliyoshiba hewa kwa nyuzi 25 katika usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Mombasa, yana takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, kiasi hicho hupungua kwa karibu moja ya tano, na sehemu iliyonyooka ya grafu inaweza kuwa fupi zaidi. Grafu ya viwango ichorwe mahali na siku ileile ya kipimo, na kando yake iandikwe joto la myeyusho, aina ya ndizi, siku rojo iliposagwa, na saa myeyusho wa katekoli ulipotengenezwa.